Jagi la Jumatano

Mama alitoka Mikulov, kwenye vilima vya mizabibu,
baba Žatec, kwa walimaji wa hopsi,
ua lile chungu linalopanda kamba.
Walioana Brno, kama watu waliopatana bei:
si kwako, si kwangu.

Meza haikupatana bei.

Jumatatu viazi vya kukuna,
vimekaangwa na kitunguu saumu mpaka kingo zikaungua kidogo.
Baba: Bia. Mafuta yanataka kitu cha kuyapangusa ulimini.
Mama: Divai nyeupe, ile kali ya mjomba Kvido,
inakata mafuta kama wembe, na tumbo halivimbi.
Mimi, umri miaka tisa, nikatumwa kwa Bi Hedvika,
mlango wa nne,
na jagi la udongo lenye pengo mdomoni.
Nilirudi nikifyonza povu njiani.
Lilikuwa na ladha ya mkate na ya kosa.

Jumatano dengu na yai,
siki kidogo, tango la achari.
Hapo ndipo vita.
Siki inaiua divai, Otylie!
Ulimi wako unajua, kiburi chako ndicho kiziwi.
Mama akanywa vivyo hivyo, uso umemkunjamana
kama aliyeuma ndimu mbichi,
akasema: Tamu.

Jumapili, bata,
kabichi nyekundu, madonge ya unga yanayotoa mvuke,
na baba kimya.
Divai nyeusi ya Mikulov ikikutana na bata
hata mtu wa Žatec hana la kusema.
Alimega donge, akalichovya mchuzini,
akaisukuma glasi yake mbele
bila kumtazama mtu.

Siku hizi migahawa ina kadi,
sahani hii na chupa ile, kwa wino wa dhahabu.
Wanaita kuoanisha.
Nacheka peke yangu na kadi mkononi.
Neno hilo limetoka kwenye ndoa,
na ndoa mimi nimeiona kwa macho:
mtu anakunywa kitu kibaya miaka thelathini
asije akashindwa.

Mwaka huu figo za baba zimegoma.
Daktari ameandika, akapiga mstari chini yake: hata tone.

Jumatano iliyopita nilikuwapo.
Dengu, yai, siki, tango.
Mama akavaa koti, akateremka mwenyewe
na jagi lile lile, pengo lile lile
(Bi Hedvika hayupo, yupo mjukuu wake mwenye pete puani),
akarudi akihema, akamimina glasi moja,
akaiweka mbele yake yeye.

Baba alilitazama povu likishuka.
Mama akala kijiko, akanywa.
"Eleza," baba akasema.
"Chungu."
"Chungu vipi?"
"Kama ganda la limau."
"Siyo. Kula tango kwanza, unywe tena."

Akala tango. Akanywa. Akafumba macho,
mama yangu, binti wa mizabibu,
ambaye bia aliiita maji ya kuoshea pipa.
"Mkate," akasema. "Ule wa chini kabisa,
ulioshika tanuri."
"Enhe," baba akasema,
na koromeo lake likapanda, likashuka,
juu ya maji matupu. "Na siki?"

Mama akachelewa.
Povu lilikuwa limemkaa juu ya mdomo, hakulifuta.
"Siki imetulia, shetani we."

Baba akacheka mpaka dengu zikampalia,
mama akampiga mgongoni kwa kiganja kizima,
na mimi nikainuka, sijui kwa nini,
nikaleta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba,
nikakumbuka figo,
nikairudisha kabatini.